Sehemu Moja ya Kumi

Tangu sheria ikataze mnyama kula chochote kilichoota kwenye ardhi inayoweza kulisha watu, Maswa nzima ilibaki na ng'ombe mmoja. Alikuwa wa Nyamizi, mwalimu mstaafu wa biolojia, naye alimficha katika chumba cha uani. Mumewe, Mzee Maduhu, tangu apooze, koo lake halikupitisha kitu ila maziwa.

Siku walipokuja kumchukua ng'ombe, aliyewaongoza watu wa serikali alikuwa Shigela, mwanafunzi wake wa zamani. Alivua kofia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mwanangu, niachie huyu mmoja. Mzee hali kitu kingine.”

“Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Ng'ombe akila nyasi, nishati inayomfikia anayefuata ni sehemu moja tu ya kumi. Tisa zote zinapotelea kwenye joto na mwendo. Mwili wake tutaurudisha shambani, rutuba isipotee.”

Nyamizi alikuwa amelifundisha somo hilo miaka thelathini, na waliolikosea aliwachapa. Alisimama tu akitazama ng'ombe akitolewa, maziwa yakidondoka mchangani.

Shigela hakuondoka. Alichungulia dirishani, akamwona mzee amelala kitandani, uso umeelekea ukutani. Kisha akafungua daftari lake.

“Na Mzee, Mwalimu,” aliuliza kwa upole, “siku hizi anafanya kazi gani?”