Matawi ya Kitonga

Siku hizo udereva ulibadilishwa mpakani, kama mtu anavyovuliwa koti. Ukivuka, unatolewa kichwani ule wa kwenu na kuvishwa wa wenyeji. Ukirudi, unavishwa wa kwenu, lakini uliosafishwa na serikali, ukabakizwa yale tu yaliyoandikwa kwenye sheria. Ajali zilipungua, kwa hiyo watu walinyamaza.

Anangisye aliendesha lori miaka mingi katika nchi ya wanaopita kulia, kwenye barabara laini kama meza. Alipostaafu, mkewe Tusekile alimpokea mpakani, wakarudi nyumbani pamoja.

Kwenye Mlima Kitonga wakakuta matawi mabichi yametandazwa barabarani. Anangisye akasimamisha gari, akashuka, akayatupa yote korongoni.

"Watu wamekuwa wachafu," alisema aliporudi.

"Baba Lusako, matawi yale yanasema kuna gari limeharibika mbele, baada ya kona."

"Kwenye udereva wetu hakuna kitu kama hicho, mama," alijibu kwa upole.

Tusekile alifungua mlango. Mwaka waliooana, lori lilikuwa limewafia mlimani hapo hapo, na ni yeye Anangisye aliyekata matawi kwa panga akimfundisha: "Yaweke mbali na gari, mwenzako apate nafasi ya kufunga breki."

Alishuka, akaanza kuvunja matawi mengine kwa mikono mitupu na kuyapanga jinsi alivyofundishwa. Anangisye alimsubiri garini, mkanda umembana kifuani, akimtazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa.