Funda la Loice

Pombe ya miwa ilikuwa tayari mdomoni mwa Loice, vuguvugu na chachu. Kilichobaki ni kuipuliza chini, kama desturi ya kutasa inavyotaka, ili kinyongo kimtoke moyoni na wazee waidhinishe kubadilishana mashamba.

Shemeji yake alikuwa ameshapuliza. Tangu Loice amzike mumewe, huyu ndiye aliyemsumbua mpaka akakubali kumwachia shamba la bondeni lenye chemchemi, yeye ahamie mlimani kwenye mawe.

"Puliza basi, shemeji," alisema akicheka. "Ama hiyo diploma yako ya kilimo haifundishi kutema?"

Wiki iliyopita, kwenye semina ya wakulima mjini Voi, Loice alionyeshwa ramani mbili ukutani. Moja ilikuwa ya hali ya hewa ya kale, enzi dunia ilipokuwa na joto kali, jinsi kompyuta ilivyoikadiria. Nyingine ilikuwa ya miaka inayokuja. Zilifanana kama mapacha. Katika zote mbili mlima ulikuwa wa kijani, na bonde la chemchemi lilikuwa jekundu, limekauka kabisa.

Alikuja hapa na nia ya kumwonya shemeji yake. Ni ndugu wa marehemu, na ana watoto.

"Kama kuna neno limebaki, mama, tikisa kichwa tukusubiri useme," mzee mmoja alimwambia.

Shemeji bado alikuwa anacheka.

Loice hakutikisa kichwa. Aliinama ili wasimwone shingo, akameza pombe yote, kisha akapuliza mate matupu kwenye vumbi.