Zimwi Linaanguka Tena

"Safari hii zimwi linasukumwa au linateleza?" mhariri wa picha aliniuliza, vidole vikiwa tayari kwenye kibodi.

Miaka kumi na tisa nimeandika na kutayarisha kipindi hiki cha watoto cha shujaa Radi, na kila wiki lazima zimwi liangukie kwenye shimo la machimbo. Anguko lenyewe tulilirekodi mara moja tu, mwaka wa kwanza. Tangu hapo mhariri hulibadilisha zimwi rangi kwenye kompyuta, nami naumiza kichwa kutafuta njia nyingine ya kulifikisha ukingoni. Nikiomba turekodi jingine, wakubwa hunijibu, "La nini, na hilo lipo?"

Mhariri akaicheza picha. Zimwi likabingirika, mkono wa kushoto ukajikunja vibaya chini ya tumbo.

Mkono ule ni wangu. Siku ile mwigizaji aligoma, nami kwa kimbelembele changu nikavaa vazi lake. Bega likavunjika. Mwongozaji akapiga makofi: "Imetoka safi!" Watoto hushangilia kila tunapofika hapo. Mke wangu huondoka sebuleni.

"Bosi, niandike linasukumwa?"

"Andika linakataa."

"Linakataa nini?"

"Kuanguka."

Akageuka kunitazama. "Lakini picha hiyo hatuna."

Nilikishusha kichwa cha zimwi kutoka juu ya kabati, bega likinichoma. Nikakipuliza vumbi, nikakivaa.

"Chukua kamera," nikamwambia kutoka humo ndani.