Kura Nne za Nyacheki

Kicheko kilimfikia kabla hajaiona nyumba. Kilikuwa cha mwanamke, tena mwanamke aliyeshiba raha. Kikafuatwa na sauti nzito ya kijana: "Mama, wewe nawe!"

Mokeira alisimama katikati ya michai, kifua kikimwaka. Kumbe wamekua hivi!

Mumewe, Mogaka, alikuwa amegombea ubunge mara tano na kubwagwa mara tano, na mtu yule yule, Onchiri. Kila aliposhindwa alirudi nyumbani, akavua koti, akashika kikapu cha majani chai, naye Mokeira akamchinjia kuku. Watu walimsifu: huyo ndiye mke wa kumfuta mume machozi. Hawakuujua wivu wake. Mokeira hangemgawa Mogaka na yeyote chini ya jua.

Ndipo juzi, akipanga karatasi kuukuu za matokeo, macho yakamganda kwenye kituo kimoja cha kupigia kura cha hapa Nyacheki, kijijini kwa Onchiri, ambako hata jogoo huwika jina la Onchiri. Mwaka 2002 Mogaka alipata kura moja. Mwaka 2007, moja. Mbili 2013. Tatu 2017. Nne 2022.

Kura gani hizo zinazokua kama watoto?

Aliuliza sokoni.

"Ah, wa Mogaka!" mchuuzi wa ndizi alicheka. "Ni yule mama wa mabati mekundu, huko nyuma ya kituo cha majani chai. Yeye na wanawe watatu. Wala hajifichi!"

Mokeira hakungoja hata kuambiwa jina.

Sasa alichomoka michaini, akaingia uani bila hodi. Mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi akainua macho.

"Umemzalia mume wangu watoto watatu," Mokeira alifoka, "halafu unacheka?"

"Mume wako nani, mama?"

"Mogaka!"

Kisu kilimponyoka yule mwanamke. Akamsogezea mgeni wake kigoda.

"Keti, dada. Mimi ni Celestine, mke wa Onchiri. Hawa ni wake, ingawa wao humwona zaidi kwenye televisheni. Tangu awe mbunge, kabla mumeo hajaanza kugombea, huja hapa kama mgeni wa harambee: magari matatu, soda moja, kwaheri. Kwa hiyo kila mwanangu akipata kitambulisho, humwambia: mpigie Mogaka, baba yako arudi nyumbani."

Mokeira aliketi. Hasira ilimtoka, aibu ikaingia. Akamwaza Mogaka, ambaye saa hiyo alikuwa shambani akichuma chai huku akipiga mluzi.

Celestine alijifuta macho kwa pindo la leso. Mokeira akamshika mkono, ulionata utomvu wa ndizi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nakuahidi mbele ya Mungu: 2027, hata mimi nitampigia Mogaka."