Nafasi ya Mtu Mmoja Ndani ya Kontena

Aliketi sakafuni mwishoni mwa kontena, akakunja magoti, akajipima. Alitoshea vizuri. Hata hivyo aliinuka, akaondoa safu nyingine ya briketi ili nafasi iongezeke.

Kushoto na kulia briketi zilipangwa mpaka juu: maranda ya mbao yaliyokaushwa, yakabanwa na mashine, yakawa vigogo vya kupikia. Katikati uliachwa ujia mwembamba, maana mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka hupima unyevu mpaka ndani kabisa. Huku kiwandani, kupima unyevu ilikuwa kazi ya mwanamke huyu, na kiwanda kilikuwa cha mumewe.

Wapakiaji walimwita mumewe Bwana Funguo. Ufunguo wa lango ulining'inia shingoni mwake hata akioga. Simu ya mkewe aliiuza zamani, eti inampotezea muda. Lango lilifunguliwa siku ya lori tu, na siku hiyo jicho lake halikumbanduka mkewe.

"Dereva kaniletea salamu za dada," mke alimwambia asubuhi ile. "Mama hata kijiko hashiki sasa. Mwaka wa tatu sijamwona, baba. Siku mbili tu, nirudi."

"Na unyevu nani atapima? Mizimu?" Bwana Funguo alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Hutoki humu kabla yangu, bibie. Na usinipandishe presha."

Mke alirudi kupima unyevu. Alikuwa amechoka kubishana, na aliogopa. Aliogopa kwamba mama yake angezikwa yeye akiwa hapo hapo, ameshika kipimo.

Mwezi huu wa baridi aliungoja makusudi, kwa kuwa mwezi wa jua kontena huwa tanuri. Tangu upakiaji uanze, alikuwa akihamisha vitu kimoja kimoja na kuvificha nyuma ya gunia alilolitundika kule mwisho: dumu la maji, ndoo yenye kifuniko, blanketi zito, tochi, vidonge, mikate laini. Safari ilikuwa ya siku mbili barabarani. Kila alipowaza juu yake, aliongeza mkate mmoja.

Matundu ya hewa aliyatoboa kwa keekee. Mumewe alimfuma.

"Unafanya nini?"

"Maranda yakifungiwa bila hewa hutoa jasho. Mzigo utarudishwa."

"Ndiyo maana sikuachii," akasema kwa fahari, akampigapiga begani na kwenda zake.

Sasa ilikuwa saa sita mchana. Wapakiaji walikwenda kula. Dereva alikuwa amejilaza kwenye usukani, redio ikiimba, lango liko wazi mbele yake. Upande mmoja wa mlango wa kontena ulishafungwa. Mashine ya kubana maranda ilinguruma peke yake bandani. Kazi ilikwisha, lakini mke hakuizima.

Kilichobaki ni picha. Mnunuzi hakupokea mzigo usiopigwa picha kabla ya mlango kufungwa na kutiwa lakiri.

"Safari hii anataka mwenye mali aonekane," mke alisema. "Usimame mwisho kabisa wa ujia."

Kwa picha, Bwana Funguo hakuwa na ubishi. Alimkabidhi simu yake, akaweka kola sawa, akajipenyeza kwa ubavu katikati ya briketi huku akivuta tumbo ndani. Mke alibaki mlangoni.

"Hapa?"

"Rudi nyuma kidogo."

"Hapa?"

"Kidogo tena."

Mgongo wake uligusa gunia. Likaanguka.

Akageuka. Alilitazama blanketi, akaliinua dumu, akaitazama ile mikate iliyopangwa kwa usafi ndani ya mfuko. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi wake.

"Kumbe! Nilijua tu una jambo," alisema. "Mtu mzima na akili zako, ulidhani utanitoroka humu?"

"Hapana," akasema mkewe. "Vidonge vyako vya presha viko chini ya blanketi. Kimoja kila asubuhi, usisahau."

Akausukuma mlango, akatia lakiri, akapiga bati mara mbili kumwashiria dereva kwamba mzigo uko tayari. Lori likatangulia kutoka langoni. Yeye akafuata nyuma, kwa miguu, akashika njia ya kwa mama yake.