Ndege na Joka

Nilimwona kabla sijaketi. Alikuwa rafuni kwa Brightness, shoga yangu hapa Uccle: feniksi wa kauri, yule ndege wa hadithi za Kichina, mkia wa dhahabu, utepe mwekundu shingoni.

"Mzuri, eh?" akasema. "Nimepewa zawadi. Wachina huwauza wawili wawili, joka na huyu ndege. Mume na mke, ili ndoa idumu."

"Na mume yuko wapi?"

Akacheka, akaanza kumimina chai. "Sijui, mwaya."

Utepe uleule. Fundo lilelile. Jumapili mume wangu alirudi kutoka soko la Gare du Midi na joka la kauri tu, utepe mwekundu shingoni. Eti ndege alivunjika njiani.

Nikamtia ndege mkobani.

"We! Unampeleka wapi?"

"Kwa mumewe."