Kibali cha Makumbusho ya Rubisi

Bwana Egbert alianza kucheza alipomaliza kibuyu cha tatu.

Alianza na mabega, kikafuata kiuno, kisha akavua koti na kulitundika kwenye mtumbwi wa kale wa kukamulia ndizi, juu kabisa ya karatasi iliyoandikwa USIGUSE. Wageni wakapiga makofi. Hata walimu waliotoka Nyakasimbi, watu wenye heshima zao, walicheka hadi machozi.

Vero peke yake hakucheka. Alikuwa amefika muda si mrefu kutoka Bukoba kumsaidia mama yake kuwakatia wageni tiketi, na sasa alimvuta mama yake kando.

"Mama, unajimaliza," alinong'ona. "Huyu si mgeni. Huyu ndiye ofisa wa vibali!"

"Namjua. Ameniamkia vizuri tu."

Mama yake, Joanitha, ndiye fundi wa rubisi Igurwa nzima. Kiwanda chake kidogo kilikuwa na leseni ya kutengeneza pombe hiyo ya ndizi na kuiuza kwa chupa. Lakini kuonjesha watu ndani ya makumbusho aliyoyajenga ubavuni mwa kiwanda kulihitaji kibali kingine, na barua ilisema waziwazi: tone moja la pombe likimiminwa kabla ya kibali, makumbusho yanafungwa. Miaka miwili ya kukusanya vibuyu vya mababu ingeishia hapo. Naye Joanitha, ofisa alipoingia tu na kusema ana kiu, alimmiminia papo hapo, tena kwa tabasamu!

"Mama Vero!" ofisa alipaza sauti. "Hii kitu ni kali! Inapanda mpaka masikioni! Ongeza!"

"Kunywa, mwanangu. Kwetu mgeni hanyimwi."

Cha nne kilimtoa wimbo wa harusi wa Kihaya, beti zote. Cha tano kikamkalisha chini, miguu mbele, akicheka peke yake. Vero akaanza kusali.

Ghafla ofisa akainuka, akayumba, akashika ukuta. Akachomoa karatasi na muhuri mfukoni.

"Nimekunasa, mama! Nilikuwa nakutega! Umemimina pombe bila kibali, na ushahidi ni mimi mwenyewe. Nitazameni! Hapa pote panazunguka! Mbele ya walimu hawa nakiri, nimelewa chakari!"

Joanitha alimchukua mjukuu wake wa mwaka mmoja kutoka mgongoni mwa Vero, akampakata, akamwekea mdomoni kibuyu kile kile cha ofisa. Mtoto akagugumia mpaka kikakauka, akalilia kingine.

"Ndizi hizi tumezikamua leo asubuhi, mwanangu, na mtama wa kuzichachusha bado hatujatia," alisema Joanitha. "Pombe nitakupa ukishasaini."